Tumuulize Nani?

Duka la kwanza lilitaka namba ya nyumba.
Niko Kadutu. Nikaandika: sina.
Likageuka jekundu.
Likataka jina la barabara. Barabara yangu ni ngazi,
mia moja na kumi na mbili, nazihesabu usiku
nikitoka zamu ya wodi ya wazazi,
na mvua ikinyesha hupungua, udongo huzimeza.
Sanduku la posta? La marehemu baba lilifungwa
ufunguo ukiwa bado shingoni mwake.
Nikaandika sifuri mara tano. Likaridhika.
Hapo ndipo ningejua: hili linataka kujazwa,
halina haja ya kunifikia.

Lakini viatu vilikuwa vyeupe, namba thelathini na nane,
na chini yake maandishi yakipepesa kama balbu
umeme unapojaribu kurudi:
*Zimebaki jozi tatu. Watu kumi na mmoja wanazitazama.*

Mimi si mtoto wa juzi. Pale sokoni
mtu akiniapia, "Bei ya mwisho, mama, haki ya watoto wangu,"
namtazama machoni, nageuka, nahesabu hatua nne,
na ya tano ananiita.
Simu haina macho. Niligeuka nayo hadi jikoni,
nikarudi. Haikuniita.
Kidole gumba kikaamua kabla yangu.

Kumbe palikuwa na kisanduku kidogo pembeni,
kimeshatiwa alama na mtu nisiyemjua.
Nikawa nimenunua na soksi,
na bima ya soksi.

Vilikuja baada ya wiki tano, vyote viwili vya kushoto.
Nikapiga simu: muziki.
Nikapiga tena, uniti zikaisha, muziki ukiendelea.
Sikuandika malalamiko popote. Nilikwenda bombani
na madumu mawili, nikasimulia mara moja tu.
Kufikia Jumapili, Bagira walikuwa wanajua.

(Jozi zile ni tatu mpaka leo. Tangu Pasaka.)

Kapu ni duka jingine. Halina rangi nyingi,
linafunguka hata mtandao ukichechemea,
na pale pa anwani liliniuliza neno moja:
*Tukifika karibu, tumuulize nani?*
Nikakaa kitandani, simu mkononi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.
Nikaandika: Nsimire, muuza makala ya kupikia,
chini ya ngazi. Mtasikia sauti yake kabla ya kumwona.

Kijana wao, Cirhuza, alichelewa siku nzima.
Ila alipiga simu mapema: "Mama, Nyamugo ni tope tupu,
pikipiki imelala. Nije usiku, ama kesho?"
Angeweza kusema *niko njiani*, maneno mawili,
mji wote huyasema ukiwa bado kitandani.
Kesho yake alisimama akanimulikia tochi ngazini
nikijaribu viatu, akasema,
"Cha kulia kinakubana. Nakiona usoni mwako."
Akavirudisha. Sikutoa hata faranga.
Bei yao ilizidi kwa dola mbili.
Nimeshanunua kwao mara sita.

Naye Nsimire, ambaye simu yake ni ya vitufe,
amekuwa anwani ya nusu ya mtaa.
Anayemuuliza njia sharti anunue kopo moja
au asikilize habari za goti lake.

Jana usiku nilifungua Kapu, natafuta saa ya ukutani.
Chini ya picha, kwa herufi ndogo,
kama mgeni anayejaribu kiti kabla ya kukikalia:
*Zimebaki tatu.*

Sikubonyeza. Sikufunga pia.
Niliteremka ngazi zote nayo inawaka mkononi.
Nsimire alikuwa anafunika biashara yake kwa plastiki.
"Umebakiwa na makopo mangapi?"
Akanitazama kama mgonjwa. Kisha akafunua,
tukahesabu pamoja kwa mwanga wa simu:
saba, na nusu.

Nikanunua ile nusu.